Barua Niliyomsomea Ami Seif

Ilikuwa harufu ya nta ya sakafu, ile wanayosugulia mbao za majumba ya michezo, imechanganyika na maganda ya machungwa na viatu vya raba vilivyolowa mvua. Mtu mwingine akiinusa anaziba pua na kupita zake. Mimi ilinikalisha kitako. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu mtaa wa Acocks Green, hapa Birmingham, kwenye mechi yake ya mpira wa kikapu, na nilipousukuma tu mlango wa jumba lile harufu ikanipiga usoni, nikashika ukuta. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, you okay?" Huyo Kiswahili anakisikia chote, ukimsema vibaya kwa Kiswahili ananuna, lakini kujibu ni kwa Kiingereza tu. Nikamwambia ni magoti. Nilimwongopea. Magoti yangu ni mabaya kweli, lakini siku ile hayakuwa magoti.

Kabla sijaenda mbali, nawaomba radhi. Mimi shule niliiacha nina miaka kumi na tano, nikaenda kushona vitambaa vya viti vya magari, na huko nilikaa mpaka vidole vikagoma. Kwa hiyo mkiona habari yangu inakwenda pembeni kidogo kisha inarudi, ndivyo ninavyozungumza hata nikiwa jikoni. Mwanangu wa kike husema ukiniuliza saa ngapi, nitaanza na aliyeinunua saa. Kweli. Lakini hii nitajitahidi kuifikisha, maana nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini na sijamwambia mtu.

Tulifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini. Baba alitangulia, akapata kazi kwenye kiwanda cha magari, halafu akatuita mimi na Mama. Nilikuwa na miaka minane. Tulipanga nyumba Selly Oak, kwenye safu ya nyumba za matofali mekundu zilizobanana kama watu walio katika foleni, choo nje uani, na baridi ambayo Mama aliisema kila asubuhi kana kwamba ni jirani mbaya. "Imeamka na hasira leo," alikuwa akisema, na kuwasha jiko la mafuta.

Kiingereza kilinishika upesi. Watoto ndivyo walivyo. Nilipofika miaka kumi nilikuwa ndiye karani wa Waswahili wote waliotuzunguka, Wazanzibari, watu wa Bara, hata Wakenya wawili watatu. Ijumaa watu wakitoka kusali, sebule yetu inageuka posta. Huyu ana barua ya mwenye nyumba, yule ana barua ya hospitali, mwingine ya shule ya mtoto. Mama anatandika kitambaa cha mpira mezani, ananiwekea mto juu ya kiti ili nifikie, na mimi nasoma huku nikipitisha kidole chini ya kila mstari, kama nilivyofunzwa chuo cha Kurani Unguja kupitisha kijiti kwenye juzuu. Nikimaliza mstari nasema maana yake kwa Kiswahili, kidole kinashuka, mstari mwingine. Wakubwa wanatikisa vichwa. Nilijiona malkia.

Mama alinionya jambo moja tu, na alinionya mara nyingi. "Unayoyasoma hapa yaishie hapa hapa mezani. Hata mimi usinisimulie." Na mimi nikaitika, "Ndiyo, Mama."

Sasa Ami Seif. Hakuwa ami yangu wa damu. Alitoka mtaa mmoja na Baba, wakacheza pamoja utotoni, basi akawa ami. Alikuwa mwembamba, mrefu wa shingo, hana mke, na nyumba yake ilikuwa chumba kimoja chenye sufuria mbili. Alifanya kazi kwenye chuo kimoja cha ualimu, yeye ndiye mwangalizi wa jumba la michezo. Kufungua milango, kutazama boila la kupashia moto, na kuipaka nta ile sakafu. Sakafu ile ilikuwa mtoto wake. Mtu akikanyaga na kiatu cha nje, hata awe mwalimu mkuu, Ami Seif anamsimamisha mlangoni na kumwelekeza kwa kidole, bila neno, avue.

Kwao Unguja alikuwa ameucheza sana mpira wa kikapu. Basi mwaka mmoja wanafunzi wa chuo wakakosa kocha, na walishamwona akidunda mpira peke yake baada ya kufagia, wakamwomba. Akakubali. Ndiyo akawa kocha, amevaa koti lake la kazi la kahawia na kofia ya viua, penseli sikioni, na daftari jeusi mfukoni.

Daftari hilo aliliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndizo alizozijua. Alisoma chuo cha Kurani, na huko hasa alisoma, alikuwa na mwandiko ambao Baba alikuwa akiusifu mbele za watu. Lakini maandishi ya Kizungu hakuyajua, ukiacha namba za basi na neno la mlangoni la kusukuma na la kuvuta, na hayo mawili aliyachanganya. Kiingereza cha mdomo alikuwa nacho cha kutosha. Kazini kwake hakuna aliyegundua. Mimi nilijua, kwa kuwa barua zake nilizisoma mimi. Siku ya Ijumaa alikuwa akingoja wote waondoke, anakaa pale mwisho wa kochi na kikombe cha chai kilichokwisha poa, halafu anatoa bahasha kifuani taratibu. "Haya, karani wangu," ananiambia. Nikimaliza ananipa peremende moja ya mnanaa.

Timu yake, nisiseme uongo, ilikuwa mbovu. Vijana wa Kiingereza sita saba, wapole, wekundu wa mashavu, wanakimbia kama wanaotafuta choo. Na yeye Ami Seif hakuwa kocha hodari wa kutisha. Alipenda pasi. Pasi, pasi, pasi, mpaka mpira wenyewe unachoka, wala hakuna anayethubutu kuurusha kwenye kikapu. Lakini alikuwepo mmoja, Otieno, mwanafunzi kutoka Kenya, anasomea kuwa mwalimu wa michezo. Huyo akiingia, kila kitu kinabadilika. Alikuwa anapaa. Anaruka sasa hivi, anashuka baadaye. Kwa ajili yake Waswahili tukaanza kwenda Jumamosi mchana, wachache kwanza, halafu safu mbili nzima za benchi. Wengine hata hawakujua mchezo una sheria gani. Walimjua Otieno, basi.

Mama alikuwa akileta machungwa, ameyakata vipande vinne vinne na kuyapaka chumvi na pilipili ya unga kama tunavyokula kwetu. Wakati wa mapumziko akawagawia na wachezaji. Kijana mmoja wa Kiingereza alikula cha kwanza akatoka machozi, akasema asante, na Jumamosi iliyofuata akaja kuomba viwili.

Mimi nilikuwa na wazimu wa timu ile. Kuwaambia kweli, sijapenda kitu hivyo tena mpaka nilipozaa. Matokeo niliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango wangu. Shuleni niliwaambia wasichana wa Kizungu kwamba tuna timu, na safari hii tutashinda, na Jumatatu wananiuliza, nami najifanya nimepoteza kitu ndani ya mkoba. Kwani hatukushinda. Kila tulipokaribia kushinda, Ami Seif alimtoa Otieno.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu. Otieno anaingia, anafunga, anafunga tena, watu tumesimama, na Ami Seif anatazama saa yake ya mkononi, anaandika kitu daftarini, anainua mkono. Otieno anatoka, anakaa, anajifunika koti. Mara tatu, mara nne katika mechi moja. Mbele yetu alikuwa akikaa Njoroge, Mkenya aliyefanya kazi pamoja na Baba kiwandani, mtu wa sauti kubwa.

"Ati anamtoa tena! Wewe mzee, hiyo saa umeinunua ya nini?"

"Hebu mtizame," Baba anasema taratibu, anaona haya kwa ndugu yake. "Labda ana mpango."

"Mpango gani, Khamis? Mpango wa kushindwa? Huo anao, na anaufuata vizuri sana!"

Na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nasimama juu ya benchi na kupiga kelele kuliko wote. "Mrudishe Otieno! Mrudishe!" Ami Seif hakugeuka hata siku moja. Niliona shingo yake tu.

Mechi iliyoharibu kila kitu ilikuwa na chuo cha upande wa pili wa mji, wapinzani waliotucheka mwaka mzima. Tuliwazidi pointi nne. Zimebaki dakika sita. Mimi nimeshayapanga maneno nitakayowaambia wasichana Jumatatu. Otieno akashika ubavu kidogo, akainama, na nikadhani anafunga kamba ya kiatu. Ami Seif akatazama saa. Mkono ukapanda. Jumba zima likaguna. Yule mzee wa watu akamfunika Otieno koti mwenyewe, akakaa karibu naye, hata uwanja akawa hautazami vizuri. Tulifungwa kwa pointi moja. Nililia kwenye basi mpaka kondakta akaniuliza nani kafa.

Kesho yake, Jumapili, walikuja kwetu kula pilau. Wanaume sita, Njoroge akiwamo, na Baba wa saba. Ami Seif hakuwapo, Jumapili alikuwa anapaka nta. Kabla sahani hazijaondolewa ikakatwa shauri: iandikwe barua kwa wakubwa wa chuo, kocha abadilishwe.

"Seif ni ndugu yangu," Baba akasema.

"Undugu uwe hapa nyumbani," Njoroge akamjibu. "Pale ni mpira. Yule kijana Otieno anaozea kwenye benchi, na sisi tunanyamaza?"

Baba akasukuma sahani yake pembeni. Halafu akaniita. "Saada, lete karatasi. Andika kwa adabu. Mshukuru kwa kazi yake, kisha omba kocha mwingine. Usimtaje kwa ubaya."

Nikaandika walivyosema. Nikapanda chumbani kuinakili vizuri kwa wino. Na huko juu, peke yangu, chini ya ule mlango wenye matokeo ya chaki, nikaisoma ile barua nikaiona haina nguvu. Niliwajua Wazungu wa ofisini. Nilishawaandikia mara nyingi, kwa ajili ya bomba, kwa ajili ya unyevu wa ukutani, na nilijua barua isiyo na sababu nzito wanaiweka chini ya kikombe cha chai. Basi nikaipa sababu. Nikaongeza mistari miwili yangu mwenyewe: kwamba kocha hawezi kusoma Kiingereza, hata kitabu cha sheria za mchezo hawezi kukisoma, na kwamba mimi nayajua hayo kwa sababu barua zake zote namsomea mimi, mtoto.

Nikashuka nayo. Wakatia sahihi wote saba. Hakuna aliyeisoma, nani aisome? Msomaji ni mimi. Baba alitia sahihi ya mwisho, polepole, kwa mwandiko wa kujifunza, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Chini ya maneno yangu.

Zikapita wiki mbili. Ijumaa moja Ami Seif akaja, akakaa mwisho wa kochi, akangoja. Wa mwisho alipotoka akaleta bahasha mezani, na ile bahasha nikaijua kabla hajaiweka chini, ina alama ya chuo pembeni. Mama alikuwa jikoni. Nilisikia akikaanga kitu.

"Haya, karani wangu."

Nikaweka kidole. Mstari wa kwanza wanamshukuru. Nikasema, wanakushukuru, ami. Mstari wa pili, kwa miaka yake ya kuisaidia timu. Wa tatu, kwamba sasa chuo kimepata kocha aliyesomea kazi hiyo, naye ataanza Jumamosi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa tu. Na chini yake kulikuwa na mistari miwili. Mistari hiyo ilisema wamearifiwa na wapenzi wa timu, kupitia mtoto anayemsomea barua, kwamba yeye hasomi Kiingereza.

Sikuisema. Kidole changu kikaenda chini moja kwa moja, mpaka pale walipoandika kwamba kwa ajili ya usalama, kwa kuwa jumbani kuna maagizo ya moto na ya boila yanayotakiwa kusomwa, ataondolewa jumbani na kupelekwa nje, kubeba makaa na kufagia majani. Hiyo nikamwambia, maana nisingeweza kumficha kazi yake mwenyewe. Sikutaja kusoma. Nilisema tu wanampeleka nje.

"Na sakafu?" akauliza.

"Hawakusema, ami."

"Sababu hawakusema?"

"Hawakusema."

Aliitazama ile karatasi, akaikunja mara mbili palepale ilipokunjwa. Akanywa chai yake iliyopoa. Akatia mkono mfukoni, akanipa peremende. "Umesoma vizuri," akaniambia. "Ahsante, karani wangu." Nikaitia mdomoni kwa kuwa alikuwa ananitazama. Mpaka leo mnanaa siuwezi, hata dawa ya meno natafuta isiyo na mnanaa, na wanangu wanadhani ni tumbo.

Ijumaa iliyofuata nilikaa mezani nikiutazama mlango. Nilijua hatakuja. Alikuja. Alileta kikaratasi kidogo tu cha tangazo la duka, hata hakikuwa na jambo, kinasema mazulia yamepunguzwa bei. Nikamsomea.

Kocha mpya alikuwa kijana wa Kiingereza, ana filimbi yenye kamba na viatu vyeupe. Otieno aliingia dakika ya kwanza, akatoka dakika ya mwisho. Tukashinda. Njoroge alimbeba Baba mabegani, Baba ambaye hata kucheka hucheka kwa adabu. Jumamosi ya pili tukashinda tena. Nikawaambia wasichana wa shule, nikawaambia na wasiouliza. Ikiwa kuna mtu aliyeona kwamba Otieno hali chungwa lake tena, kwamba wakati wa mapumziko anakaa na kichwa katikati ya magoti, basi hakuwa mimi.

Jumamosi ya tatu, kipindi cha pili, aliruka kuufuata mpira na alipotua miguu haikumshika. Alianguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Watu walicheka kidogo kwanza, walidhani kateleza. Halafu kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia buti. Ami Seif alikuwa nje kwenye makaa, sijui nani alimwambia, pengine alikuwa anachungulia dirishani kila Jumamosi. Alikuja mbio katikati ya ile sakafu, na mabuti yake ya makaa, anaacha alama nyeusi kila hatua, akapiga magoti, akamnyanyua Otieno kichwa. "Taratibu," alikuwa anamwambia. "Pumua taratibu, mwanangu. Hesabu na mimi." Na wakahesabu. Kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, mpaka gari la wagonjwa likaja.

Hakufa. Nawaambia mapema msije mkapata taabu. Alipelekwa hospitali ya Harborne, na baada ya siku chache Baba akanichukua kumtazama. Tulibeba machungwa, bila pilipili. Amelala, miguu imepita kitanda. Ngozi ya uso imemwingia ndani.

"Mzee Seif hajambo?" hilo ndilo aliloanza nalo. "Ni yeye aliniweka mzima, mjue. Nikiwa mdogo nilipata homa, ikaniachia moyo mbaya. Hapa sikusema kwa mtu. Wangejua, si wangenirudisha nyumbani? Nani atafanya mwalimu wa michezo mtu wa moyo? Mzee alinipata siku moja kwa stoo, nimelala juu ya mikeka, pumzi imekataa. Nikamwomba asiseme. Akakaa hapo chini karibu yangu, akaniambia, basi tutakuwa tunahesabu dakika. Dakika nane, natoka. Nikishika ubavu, natoka. Watu waseme watakavyo."

Baba alivuta kiti karibu na kitanda. Aliinama akawa anamenya chungwa, analimenya na kulimenya mpaka likabaki rojorojo mkononi.

"Mlikuwa mnampigia kelele sana," Otieno akasema, na akacheka, hakuwa na kinyongo. Akanitazama mimi. "Wewe hasa! Wewe msichana una sauti ya kuuza samaki!"

Walimrudisha Kenya. Chuo kilisema pole nyingi, lakini kozi ile haikuwezekana tena. Nilisikia alipata kazi ya ofisini kwao, akaoa. Barua zake mbili nilizisoma mwenyewe, hazikuhitaji kutafsiriwa, halafu zikakatika. Sasa mimi ni mtu mzima, naweza kusema Ami Seif pengine alikosea. Pengine angesema, kijana angetibiwa mapema, na mimi kama mama ningetaka aseme. Sijui. Najua tu kwamba alipewa siri ya mtu akaibeba, na watu safu mbili wakamtukana Jumamosi baada ya Jumamosi, naye akakaa kimya. Na mimi nilipewa siri yake yeye, nikaiuza ili nipate la kuwaambia wasichana Jumatatu.

Siku ile tulirudi na basi kutoka Harborne. Baba akasema, akitazama dirishani, "Tulimwandikia barua, Saada." Nilitaka kumwambia habari ya ile mistari miwili. Wallahi neno lilifika kwenye meno. Nikaona mikono yake, ile iliyotia sahihi, inanuka chungwa. Nikanyamaza. Baba amekufa hajui aliweka jina lake chini ya nini.

Ami Seif aliendelea kuja kila Ijumaa. Mwaka ukapita, miwili, mitatu. Sakafu hakurudishiwa. Mimi nikawa msichana mkubwa, nikaacha shule, nikawa narudi kazini na vidole vimechomwa sindano, na bado Ijumaa namkuta mwisho wa kochi na bahasha yake. Baba alimwomba radhi, nilimsikia, na Ami Seif akasema, "Mpira tu ule, Khamis, yameisha," wakaanza kuzungumza habari za watu wa kwao. Nilijipa moyo. Nilijiambia hajui. Angejua, asingeweka barua zake mikononi mwangu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini akaamua kurudi Unguja, kifua kimechoka na makaa na baridi. Alikuja kuaga. Akanipa lile daftari jeusi. "Wewe herufi hizi unazijua," akasema. "Huko niendako wote wanazijua, hapana haja." Nikalipokea kwa mikono miwili, nikaliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za harusi, na sikulifungua. Nimehama nyumba mara nne, nimelihamisha mara nne. Msiniulize kwa nini. Aliyeiba hapendi kuingia dukani.

Basi siku ile ya Acocks Green niliporudi nyumbani na ile harufu bado imo puani, nikalitoa. Nikavaa miwani. Mwanzo hayakusomeka, nimezoea kusoma msahafu, si Kiswahili cha penseli. Halafu yakafunguka. Ni majina na dakika. "Otieno, dakika saba, pumzi njema." "Otieno, dakika sita, kashika ubavu. Nimemtoa. Wanapiga kelele." Kurasa na kurasa za namna hiyo. Nikatafuta ile Ijumaa, nikijua ninachokitafuta na kuomba nisikione. Aliandika:

"Barua ya chuo. Saada kasoma. Kidole kimeruka mistari miwili. Sikumuuliza. Khamis asijue, atampiga."

Hakujua kusoma Kizungu, lakini mistari aliweza kuihesabu. Mtu aliyekuwa akihesabu pumzi za mwenzake angeshindwaje kuona kidole cha mtoto? Na anayemsomea barua ni mimi tu, yaliyobaki aliyajaza mwenyewe. Na chini yake, tarehe ya wiki iliyofuata, mwandiko uleule mzuri ambao Baba alikuwa akiusifu:

"Hakuna barua wiki hii. Nimeokota karatasi ya mazulia. Nisipokwenda, mtoto ataogopa."

Nilikaa na daftari mapajani mpaka mjukuu akaja kuuliza chakula. Miaka yote ile nilidhani ananipa barua zake kwa sababu hajui nilichofanya. Alikuwa anajua. Alikaa pale mwisho wa kochi, Ijumaa baada ya Ijumaa, anakitazama kidole changu kikipita mstari kwa mstari, na hakikuruka tena hata mmoja, na kila nilipomaliza alitia mkono mfukoni.